Bwawa la Baba Getruda

Mume wangu Bernado alianza kuvua kabla hajaota ndevu. Kufika mwaka wa tisini na tatu macho yake yalikuwa yamefifia. Mara mbili mitumbwi ya mashine ilimgonga, ile iliyojaa kwetu Mugango tangu viwanda vianze kununua sangara. Akienda ziwani mimi sikai, silali. Kwa hiyo bwana samaki alipotangaza mafunzo ya kufuga samaki, siku tano pale Musoma, nilimpigia pasi shati nikamtoa nyumbani mwenyewe.

Akarudi amejua. Tukachimba bwawa bondeni, tukapewa vifaranga mia tatu vya sato. Tukakubaliana: wakifika mavuno, mtumbwi unauzwa, haingii ziwani tena. Wakiisha kabla, anarudi kuvua.

Shida ikawa kupima. Bwana samaki aliagiza kila mwezi avue wachache, aone wamekua kiasi gani, kisha awarudishe. Lakini ufukweni kwetu, aliyeshika kamba ya kokoro, wavu mkubwa unaovutwa na watu wengi, hata kidogo haondoki mikono mitupu. Basi Bernado akigusa wavu tu, jirani yetu Mayala anateremka mbio.

"Shemeji, mwache mzee, nimshikie!"

Nyuma yake wengine wanne. Bwawa lenyewe mtu mmoja anavuta wavu huku anakohoa! Wakimaliza, kila mmoja na samaki wake, mdogo kama kiganja.

"Baba Getruda, uliambiwa uwarudishe," nikamwambia Bernado.

"Wameshika kamba, mama. Nitawafukuzaje?"

"Kwani uliwaita?"

"Ziwani tunaitanaga?"

Miezi mitatu nilisema mpaka koo likakauka. Mwezi wa nne nikamkuta nyuma ya nyumba anaziba mtumbwi. Siku ya kupima ilipofika nikafunga kanga kiunoni, nikaingia majini, nikashika upande wa pili wa wavu.

Mayala huyo, safari hii na kikapu kabisa.

"Shemeji, toka huko, utapata homa!"

"Mpe hata mmoja," Bernado akaninong'oneza.

"Mpe. Na kesho uingie ziwani."

Akanitazama kama nimemwambia amuuze mama yake. Kisha, bila kuinua uso, akasema, "Mayala ndugu yangu, leo hatugawi."

Mayala akacheka, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akageuka akapanda kilima.

Tukawarudisha samaki wote. Nikapumua. Jioni naenda kuchimba viazi, nakuta matuta mawili yamefukuliwa! Bernado alikuwa amempelekea Mayala gunia zima, eti mtu amekuja kusaidia, atarudije bure. Matuta ni yangu, jembe langu, mgongo wangu.

"Viazi navyo utavimaliza?" nikamfokea.

"Viazi vinaota tena," akasema. "Yule mvuvi Clementi anataka kuununua mtumbwi. Nimemwambia asubiri mavuno."

Nikaendelea kugomba, maana viazi vile vilikuwa vya wiki mbili.