Pesa ya Kurudi Nayo

Novemba 2004 nilifiwa na mume wangu, ghafla, kwenye kituo cha basi Tottenham, akiwa njiani kwenda kazini. Pamoja naye nilipoteza pensheni ya mjane, ambayo kusema kweli sikuwahi kuwa nayo.

Miaka mitano nyuma aliacha kazi ya kufua mashuka hospitalini, akaajiriwa kwenye gereji ya mabasi. Kazi mpya ilikuwa na pensheni: unakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, kodi utalipa uzeeni, na ukifa mkeo anapata fungu lake. Ila pesa huigusi mpaka uzeeke. Jamaa mmoja wa kwetu Pemba, muuzaji wa akaunti za akiba, akamwambia aikatae. Bora aweke pesa iliyokwisha kukatwa kodi, aitoe nzima siku anayotaka.

Jamaa huyo alivaa tai hata Jumapili. Alikuja kwetu, akala pweza wangu wa nazi, akanieleza polepole kama anayemsomesha mtoto alifu na bee. Pensheni ni ya Waingereza, alisema, watu wanaozeekea hapa hapa. Sisi tunarudi.

Sote tulikuwa tunarudi. Kila nyumba niliyoijua ilikuwa na masanduku juu ya kabati, na hakuna aliyenunua zulia zuri, maana zulia halibebeki. Watoto wanatujibu kwa Kiingereza na sisi bado tunarudi. Nami nilikuwemo, sijitoi.

Niliuliza swali moja tu. "Na akifa je?"

Wanaume wakacheka. "Shemeji," akasema yule wa tai, "chai hujaimimina, mwenzetu ushamzika?"

Mume wangu alicheka kuliko wote. Nikaona haya. Kalamu aliyotilia saini niliitoa mimi kwenye droo.

Pesa ile kweli ilitoka siku yoyote. Ilitoka kwa saruji, ikatoka kwa mabati, kwa nyumba ya Wete iliyosimamiwa na kaka yake, ambayo mpaka leo haina madirisha. Alipokufa nilikwenda gereji kuuliza. Mama wa ofisini akanionyesha karatasi ya kukataa pensheni, yenye saini ya marehemu. Akanipa pole na glasi ya maji.

Nilipotoka eda, yule wa tai alikuja na mkewe. Akasema marehemu alikuwa mtu wa busara, hakuwaachia Waingereza hata peni moja. Halafu akauliza mimi akiba yangu naweka wapi, maana amesikia nafanya kazi nyumba ya wazee Walthamstow, na kuna akaunti ingenifaa.

"Swali langu hujanijibu bado," nikamwambia. "Akifa je?"

"Nani?" akauliza.

Mkewe akaweka kikombe chini. Nikaenda mlangoni, nikamletea yule wa tai koti lake.