Fundi wa Bati la Akina Jesca

Harufu ya jiki ikipanda kutoka kwenye bati lililopata jua hainipiti hivi hivi. Juzi fundi alikuwa anaosha paa la jirani yangu, maji ya kijani yanachuruzika ukutani, nami nikafunga dirisha kama mtu aliyefumaniwa.

Baba yangu alikuwa muosha mapaa. Kila asubuhi alitoka kwetu Manzese na shati lililopigwa pasi, brashi na kamba zimo kwenye begi, na jioni mikono yake ilinuka jiki hata akishika chapati. Alinifundisha kwamba bati halikanyagwi ovyo: unafuata mstari wa misumari, maana chini yake pana mbao. Nilijivunia kulijua hilo, ila kimya kimya. Shuleni nilikuwa nimeshasema baba yangu ni karani, tena wa ofisi yenye kiyoyozi. Ukishautia uongo kiyoyozi, kuurudisha nyuma ni kazi.

Jumamosi moja nilikwenda Tabata kwa rafiki yangu Jesca, tufanye hesabu pamoja. Tulipoingia getini nikamwona baba juu ya paa lao, suruali ameikunja hadi magotini, anasugua ukungu. Mama Jesca alikuwa barazani anachambua mchele.

"Nyie watoto, hamuoni mtu mzima hapo? Mwamkieni fundi."

Jesca akaamkia. Zamu yangu ilipofika nikainamia viatu vyangu, nikasema, "Shikamoo, fundi."

Brashi ikasimama. Nilisubiri aniite mwanangu, siri yangu iishie pale pale mbele ya Jesca.

"Marahaba," akasema. "Na wewe mwenzake, unaitwa nani?"

"Atupele."

"Jina zuri hilo." Akarudi kusugua.

Naona aibu kuwaambieni, lakini nilifurahi. Niliingia ndani nikafanya hesabu zangu, nikapata zote. Jioni mama alipomuuliza kazi ilikwendaje, baba alisema amekutana na mtoto mmoja mwenye adabu sana, kisha akanisogezea kipande chake cha samaki. Nikakila chote. Nilidhani tumeelewana, kwamba ule ulikuwa mchezo wetu wawili na umekwisha.

Ilinichukua miaka, mpaka nami nikawa mzazi, kuelewa kilichotokea juu ya lile bati. Kutoka kule aliona kisogo changu kimeinama, akajua nataka nini kwake, akanipa papo hapo bila kunifanya niombe. Alifariki nikiwa chuoni. Sikuwahi kumwomba radhi, naye hakuwahi kunikumbusha.

Atupele ni jina la mama yake mzazi, bibi yangu wa Tukuyu. Baba ndiye aliyenipa siku niliyozaliwa, na siku ile juu ya paa aliniuliza kama mtu ambaye hajawahi kulisikia.