Siku Mama Alipompangusa Dada Jasho Jukwaani

Siku hizi dada yangu mkubwa huitwa hata miji mingine kuimba muziki wa kantri. Aliupenda tukiwa katika kambi ya wakimbizi Kenya, kupitia redio ya jirani, kabla hajajua maana ya maneno. Tulipofika Toronto alifunga maboksi katika ghala huko Brampton, na Jumapili aliimba kwaya ya kanisa letu, mtaa wa Weston. Mwenye baa moja ya mtaa wa Parkdale akamsikia katika video kwenye simu ya mtu. Akampa nyimbo tatu, Jumamosi mchana. Wateja wakimpenda, kila Jumamosi ingekuwa yake.

Mama hakutaka. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya, na kwetu mwanakwaya akiimba penye pombe anavuliwa sare, anakaa benchi la nyuma.

"Ni weye utaimba, na ni miye watasema," alimwambia.

"Basi njoo uone, mama. Ukisema hapana, naacha."

Dada hasemi ovyo. Nilijua angeacha kweli.

Mama aliahirisha mazoezi ya kwaya ya siku hiyo, akaja na wamama wawili wa kwaya, wamevaa vitenge vya ibada. Wakaagiza chai. Dada akaanza wimbo aliomtungia baba, aliyebaki Kongo. Watu wakaacha kula. Hakuna aliyekohoa. Mimi nilishajua kwamba watu wa huku ndivyo wanavyosikiliza. Nilitaka kumwambia mama, lakini mimi hukawia kusema.

"Banamunyamazia mutoto wangu!" mama akasema.

Kanisani kwetu, mwimbaji akiachwa kimya hivyo amekataliwa. Mama akainuka, akapanda jukwaani, akampangusa dada jasho kwa ncha ya kitenge. Wenzake wakamfuata wakicheza na kupiga vigelegele. Mimi niliinamia kikombe changu.

Dada hakukatiza. Alirudia kiitikio mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka wamama walipotosheka. Nilipoinua macho, baa nzima ilikuwa imesimama, inapiga makofi.

Nimelifikiria sana jambo lile. Mama alikuja tayari kumkataza dada. Alipodhani wageni wamemkataa, hakuweza kuvumilia.

Mwenye baa akaniuliza kama wamama watarudi wiki ijayo. Nikatafsiri.

"Mwambie sisi si wachezaji wa baa," mama akajibu kwa ukali.

Akafunga kitenge chake vizuri. Kisha akamgeukia dada.

"Jumamosi tuna mazoezi ya kwaya," akasema. "Nitayahamishia Ijumaa."