Mtangazaji wa Vifo Alipokuja Kucheza Netiboli

Mtaani kwetu Mbotela, redio ikianza matangazo ya vifo hata anayekaanga vitunguu hupunguza moto. Si kwamba tunapenda misiba. Nusu ya laini yetu ya nyumba ni watu wa magharibi, na mama yule wa redio ndiye simu yetu. Mtu akifa huko kijijini, yeye atakuambia kabla barua haijatiwa stempu. Sauti yake ni ya polepole, kama mtu anayemimina uji wa moto asitake ukurukie. Tunasikitika kutangaza kifo cha fulani, binti wa fulani, wa kijiji fulani. Halafu mwisho, habari ziwafikie jamaa wote popote walipo.

Mimi hiyo sauti naijua mpaka pumzi zake. Shuleni nimetangaza kifo cha chaki ya mwisho ya mwalimu wa hesabu, na kifo cha ghafla cha madondo, maharagwe yetu ya Jumatano, yaliyoacha sufuria mjane. Nimefukuzwa darasani kwa ajili ya msiba wa madondo. Lakini shabiki wangu mkubwa alikuwa nyumbani: mama mdogo, mdogo wake mama, anayelala nami kitanda kimoja.

Mama mdogo alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha biskuti, na jioni alikuwa mlinda goli wa netiboli wa akina mama wa mtaa. Kisha akaanza kupumua kama aliyetoka kukimbia hata akiwa amekaa. Daktari akasema kuna mlango ndani ya moyo wake haufungi, inabidi uwekwe mwingine.

"Hata mlango wa choo chetu haufungi," mama mdogo alituambia aliporudi, "na hakuna aliyeufanyia harambee."

Wenzake wa timu wakaamua harambee itakuwepo. Kapteni wao hufagia ofisi za redio, na alivyo na mdomo, aliwasimamisha watangazaji na waigizaji mmoja mmoja kwenye ngazi mpaka wakakubali: mastaa dhidi ya akina mama wa Mbotela, uwanja wa shule ya msingi, Jumamosi. Wasee wa mitaa mingine walitoka hadi Buruburu kuja kuona.

Na waliona maajabu. Yule anayeigiza mama mkwe mkatili kwenye televisheni alizomewa kila alipogusa mpira, kwa yale aliyomfanyia mkaza mwanawe wiki ile. Hata timu yake ilikuwa haimpi pasi. Wengine wakishika mpira walikimbia nao kama wameiba. Mama mdogo, amekaa kwenye kiti kando ya mstari na leso mabegani, akawa anawafundisha kwa sauti ile iliyobaki: "Simama, mwanangu. Ukishaushika hutembei. Simama, tafuta wa kumpa."

Shida ilikuwa mmoja wao, mama mfupi mnene mwenye herufi za winga mlinzi kifuani. Kapteni alikuwa ametangaza mtaani kwamba sauti ya vifo yenyewe itakuja, na watu walikuwa wamejichorea mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye uso wa kaburini. Huyu alionekana kama mtu wa kukuuzia mandazi na kukuongeza moja. Minong'ono ikaanza kwamba tumechezewa. Ilipofika mapumziko, vijana walikuwa wamejaa langoni wakitaka doo zao za kiingilio.

Kapteni akampa yule mama kipaza sauti tulichoazima kanisani, aongee, waamini. Naye alitaka tu kushukuru. Tatizo ni kwamba ana sauti moja. Akalitaja jina la mama mdogo, binti wa babu yetu kwa majina yake yote, wa kijiji chetu, tarafa yetu. Akasema ndiye aliyetukusanya leo. Akamaliza kwa ile ya habari ziwafikie wote popote walipo.

Uwanjani wanaume wakavua kofia. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake naye akafuata. Mama mdogo alicheka mpaka akashika kifua, na mimi nikagaagaa kwenye nyasi kabisa. Langoni hakuna aliyetaka tena kurudishiwa kitu.

Sasa, ile pembe ya spika ilikuwa imeelekezwa Jogoo Road. Nje ya ua huwa kuna mama wa kijijini kwetu anauza omena, dagaa wa ziwani. Yeye hakuona uwanja, hakuona kiti wala leso. Alisikia jina, baba, kijiji, na aliyesema ni yule ambaye hajawahi kumdanganya. Akafunika omena zake, akapeleka habari kwa kondakta wa basi la usiku la kwetu.

Jumanne asubuhi kilio kiliingia kwa geti la ploti. Kilikuwa kilio cha kwetu hasa, cha mikono kichwani. Mama mdogo ndiye aliyefungua mlango, mswaki mdomoni.

Mbele alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, kofia kifuani. Alimtazama mama mdogo, kisha akachungulia nyuma yake ndani ya nyumba, kama anayetafuta maiti mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa na nyanya mmoja aliyekuwa amelia vizuri tangu Nakuru, akashindwa kusimamisha.

"Karibuni," mama mdogo akasema. "Mtaanza na chai, au nilale chini kwanza?"

Chai ilinyweka. Habari ya spika ikaelezwa, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha mama akauona mfuko.

Mjomba alikuwa ameuweka katikati ya miguu yake: mchango wa mazishi. Pesa za netiboli zilikuwa zimepelekwa hospitali Jumatatu, wakasema vizuri, leteni nyingine kama hizo ndipo tuwape tarehe ya kitanda. Na nyingine kama hizo zilikuwa pale sakafuni, na za juu. Kijiji kizima kilikuwa kimetoa. Hata aliyekuwa mume wa mama mdogo alikuwa ametoa dume la ng'ombe.

"Nilipomwomba nauli ya kliniki alisema ng'ombe wake wanaumwa," mama mdogo akasema.

"Walipona," mjomba akajibu, na hakuwa anatania.

Mama akapiga magoti. Sijawahi kumwona mama amepiga magoti nje ya kanisa. Alimwomba kaka yake kwa lugha ya nyumbani, akarudia kwa Kiswahili, kama pengine moja ya hizo lugha ina mlango. Mjomba si mtu mbaya. Alifanya kazi reli miaka yake yote na karo yangu ya muhula uliopita alilipa nusu. Alikuwa na machozi.

"Hii ni pesa ya kaburi," alisema. "Nikimpa mtu aliye hai, nimemchimbia."

Mama akamwambia basi arudi awaombe upya, awaambie ni ya kumponya. Mjomba akachezea kofia yake.

"Ugonjwa hauna mwisho, dada yangu, watu huchoka. Kifo kina siku yake."

Mimi nikasema basi tumzike kidogo, kisha tumfukue akishapona. Aliyecheka ni mama mdogo peke yake. Nilitafuta mzaha mwingine kila mahali kichwani mwangu na hakukuwa na kitu.

Waliondoka jioni na mfuko wao. Mama aliwafuata bila viatu hadi getini, na alikuwa anaendelea, anataka kuwafuata hadi stendi.

"Dada, simama," mama mdogo akamwita kutoka mlangoni. Alipumua kwanza. "Ukishaushika hutembei. Tafuta wa kumpa."

Mama alisimama pale getini. Alitazama huku, akatazama kule. Watoto walikuwa wakicheza bano na gololi zao. Hakukuwa na wa kumpa.

Yule mama wa redio alisikia yaliyotokea, akaja kuomba msamaha na mkate na sukari. Akakaa kwenye kochi letu akasema inaonekana mvua itanyesha, na nikahisi mvua imefariki. Mama mdogo alimshika mkono muda wote.

Bado tunangoja kitanda. Kapteni anasema ataandaa mechi nyingine, lakini mastaa sasa hupita ngazi ya nyuma. Mama alianza kuzima redio wakati wa matangazo ukifika, na mama mdogo akakataa katakata.

"Washa," husema. "Nisikie kama nimo."

Mama hutoka kwenda kuteka maji hata kama ndoo zimejaa. Mimi hubaki, nimekaa ukingoni mwa kitanda, namsikiliza yule mama wa mandazi akisoma jina moja baada ya jingine, baba, kijiji, popote walipo, mpaka wimbo uanze.

"Leo simo," husema mama mdogo. "Lete chai."