Mama Dodoso na kosa la herufi B

Saa tatu asubuhi, Alhamisi, Mama Dodoso anaweka kinasa sauti juu ya meza ya fundi cherehani. Fundi anakitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Anakichukua, anakifungua kwa nyuma, anatoa betri zote mbili na kuzipanga kando ya mkasi wake.

"Haya, sasa uliza."

Mama Dodoso anatoa kalamu. Amekwisha kuzoea.

Ni mhadhiri wa chuo kikuu, mwenye umri wa miaka 47, anayetafiti namna mitaa miwili iliyopigana inavyoweza kurudi kusemeshana. Kinachoitenganisha ni barabara moja tu. Soko lililokuwa kati yao lina kufuli mwaka wa saba sasa, na akina mama wa pande zote mbili hutembea saa nzima kufuata nyanya.

Dodoso ni karatasi yake ya maswali. Lakini kwa wenyeji, kumdodosa mtu ni kumchimba mpaka aseme asichotaka. "Jina wamenipa kwa ubaya," anasema akicheka, "ila sina la kubisha."

Kwa miaka mitatu amebisha hodi kwenye milango 340. Tisini na saba haikufunguliwa. Mmoja ulifunguliwa, akamwagiwa maji ya vyombo. Huku wanamwita mpelelezi wa serikali, kule wanaapa ametumwa na wa huku. Hata mumewe, dereva wa lori, humtilia shaka: "Mama watoto, hao wakikwambia ukweli wote, utaupeleka wapi?" Swali hilo humkosesha raha kuliko yale maji.

Halafu akakosea. Mwezi uliopita alisahau ukurasa mmoja kwenye mashine ya kutolea nakala dukani. Ili kuficha majina, alikuwa ameandika "Upande A" na "Upande B". Kufika jioni, mtaa mzima wa fundi huyu ulikwisha kujua kwamba umeitwa B, na ukagoma kuja kwenye mkutano wa Jumamosi wa kuamua hatima ya soko. Bila wao, kufuli haling'oki.

"Nani aliyekaa akaamua wale watangulie?" fundi anauliza, macho kwenye pindo la sketi.

"Ni herufi tu, dada yangu."

"Kama ni herufi tu, tupe sisi A."

Alikwisha kufikiria namba, lakini nani awe wa pili? Rangi nazo zina vyama vyake vya siasa. Mtakwimu wa idara yake alishauri waitwe Ndizi na Nanasi, akaulizwa nani atakubali kuwa ndizi.

"Basi tuandike wote A," anasema fundi. "Tutakuja. Tutakusikiliza kwa makini, usije ukatuchezea."

Mama Dodoso anaondoka. Betri zinabaki mezani.

Jumamosi ukumbi umejaa, lakini katikati ya viti pameachwa njia pana ya kupitisha gari. Mama Dodoso anasoma majibu aliyopewa milangoni, yote yakiwa yameandikwa A. "Jirani yangu aligonga akiomba nimfiche. Nilizima taa nikanyamaza."

Mzee mmoja wa kushoto anasimama. "Hayo ni ya kwetu. Nani ametoboa siri?"

"Ya kwenu wapi?" anajibu mama wa kulia. "Hayo ni yetu sisi."

Wanabishana, kila upande ukidai aibu ile ni yake. Kisha sauti zinapungua zenyewe, na watu wanaanza kutazamana.

"Kasema nani?" fundi anasimama na kuuliza kwa sauti kavu.

"Niliahidi kutomtaja. Simtaji."

Fundi anakaa.

Hawakukumbatiana, na atakayesema walikumbatiana anadanganya. Walikubaliana soko lifunguliwe asubuhi moja tu, Jumatano ijayo, kwa makufuli mawili langoni, kila upande na ufunguo wake.

Mama Dodoso anatumaini siku moja ataingia humo bila kalamu, anunue nyanya zake, asimuulize mtu chochote.

Jumatatu anapita kwa fundi kufuata betri zake. Fundi anafungua droo, anachambua vifungo na sindano, anamwekea kiganjani betri moja.

"Na nyingine?"

"Nakaa nayo," anasema fundi, akirudi kwenye cherehani. "Tuione kwanza Jumatano."