Kituo Kilichofungwa Siku ya Mapokezi

Mimi nikisikia maneno "upungufu wa askari" damu inanichemka, na sitaki mtu aniambie nipunguze hasira. Kile kituo kidogo cha polisi kijijini kwetu, upande wa Mabamba, tulikijenga sisi wenyewe. Wanaume walifyatua matofali na kuyachoma, sisi wanawake tukabeba maji kutoka bondeni hadi shingo zikakakamaa. Mtendaji wa kijiji alituahidi kwamba kikikamilika tutaletewa askari wa kukaa nasi, na kweli wakaja wawili.

Kabla yao tulikuwa na sungusungu. Kila nyumba ilitoa mtu wa kulinda kwa zamu, na kila mama alikuwa na filimbi. Ukiona jambo unapuliza, jirani naye anapuliza, na mara uwanja umejaa watu na fimbo. Ilikuwa na mabaya yake, siwezi kudanganya. Kuna kijana wa watu alipigwa bure kwa ajili ya mbuzi aliyepotea, na mbuzi mwenyewe jioni akarudi kwa miguu yake. Basi askari mkuu wa kituo akatuita mkutanoni, akasema sasa serikali imefika, filimbi ziishe, mwenye shida yoyote akimbilie kituoni.

"Mlango huu haufungwi," alisema.

Tukapiga makofi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na sisi wetu tuliuacha mchana kweupe, tena kwa vigelegele.

Dada yangu, ninayemfuata kuzaliwa, aliolewa na mtu mkorofi. Alipigwa mpaka akarudi kwa mama yetu na nguo alizovaa tu, na mume akatuma salamu kwamba atamfuata na panga. Nilimshika mkono nikampeleka kituoni. Yule afande mkuu wa kituo alimsikiliza vizuri sana, sitamnyima haki yake. Alimwita mume, akamwonya mbele yetu, kisha akamgeukia dada.

"Rudi kwako, mama, maharage yako yasiozee shambani. Huyu akikuinulia mkono tu, wewe njoo hapa mbio. Mimi au mwenzangu, mmoja wetu yupo siku zote."

Dada alirudi kwa sababu ya maneno hayo. Si kwa ajili ya mume, wala ya maharage.

Haukupita muda likaja tangazo kwamba kiongozi mkubwa atapokelewa uwanjani Kasulu. Kikundi chetu cha ngoma kikachaguliwa. Tulitangulia siku moja kabla, kwenye lori, tukafika tumejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, tumechoka lakini tunacheka. Asubuhi yake uwanja ulifurika: wauza karanga, wanafunzi, wenye maduka na kanzu zao nyeupe, akina mama wa kwaya. Na polisi! Sijapata kuona polisi wengi namna ile. Walisimama karibu karibu, wakauzunguka uwanja mzima.

Katika mstari ule nikamwona afande wetu. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini, nikampelekea maji ya kunywa. Alipokuwa anayapokea ndipo nikamkumbuka dada.

"Afande, kituoni umemwacha nani?"

"Mwenzangu yupo, dada. Usiwe na wasiwasi."

Nikamwamini. Nilirudi kwa wenzangu, nikafunga kanga kiunoni. Tulipokuwa tunapita penye maegesho kwenda kujipanga, nikamkuta huyo mwenzake, anaelekeza madereva wapi pa kuweka magari. Akatazama pembeni. Aliniona, nakwambia aliniona.

Nikampigia dada, hapatikani. Nikampigia jirani yake. Alipopokea alikuwa analia.

Mume alijua kwamba kituo hakina mtu. Gari lililowachukua askari lilipita sokoni jana yake, kila aliyekuwepo aliliona. Dada hakuwepo, alikuwa bondeni anavuna. Asubuhi ile mume aliposhika panga, dada alikimbia. Alipita nyumba ya jirani wa kwanza, akapita ya pili, akapita kwa mzee aliyekuwa kamanda wa sungusungu, na wote walikuwa nyumbani. Hakubisha hodi hata kwa mmoja. Alifanya tulivyofundishwa: alikwenda kituoni, akakuta kufuli. Wanasema alikaa kwenye benchi la pale nje, nadhani alifikiri afande amekwenda kunywa chai. Watu walipofika kwa kusikia kelele, mume alikuwa amekwisha kumkata mkono wa kulia na kukimbilia ng'ambo ya mpaka.

Baadaye mkuu wa polisi wa wilaya alikuja kuzungumza na kijiji. Alieleza kwa upole kwamba askari ni wachache, na panapokuwa na mkusanyiko mkubwa wanapunguzwa kwenye vituo vidogo, kwa kuwa huko matukio ni machache. Machache! Kituo kikiwa na kufuli, nani atayaandika? Afande wetu alikuwa amekaa nyuma yake, anatazama viatu. Nikasimama nikamuuliza mbele ya watu wote kwa nini alinidanganya.

"Ningekwambia nini, dada?" alijibu. "Wewe ulikuwa unakwenda kucheza, na mimi nilikuwa kwenye amri."

Ningemtukana, ila mama yangu alinivuta kanga nikakaa. Uchungu wangu si kwamba alitumwa. Aliyetumwa hutumika. Uchungu wangu ni kwamba maji yangu aliyanywa huku anajua.

Kesho yake nilikwenda hospitali Kibondo. Dada alikuwa anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, uji unamwagika kifuani, hataki kusaidiwa. Nilimsimulia mkutano wote. Alisikiliza bila kuniangalia, kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ya kwanza.

"Huko Kasulu kulikuwa na fujo?"

"Hapana."

"Hata watu kusukumana?"

Niliona anachokitaka. Alitaka niseme ndiyo, na kwa Mungu nilitamani kusema ndiyo.

"Hata kusukumana," nikamwambia. "Kiongozi alihutubia, watu wakapiga makofi, wakarudi makwao."

Akaweka kijiko kwenye bakuli, akajifuta kifua polepole.

"Basi hata mmoja wangeniachia," akasema.