Siku Nilipoficha Kadi za Sidi

Nakumbuka siku ile washenga walipotoka Marafa kuja kumposa binti yangu mdogo, Dama. Nilifagia uwanja mara mbili, nikaazima viti kwa majirani. Wageni sikuwaogopa, mwanangu. Niliyemwogopa ni mjukuu wangu Sidi, mtoto wa Kadzo, binti yangu mkubwa.

Sidi alikuwa na miaka sita na hajawahi kutamka neno. Ana usonji. Mwalimu wake hapa Magarini alimtengenezea kadi za picha: kikombe cha maji, choo, ndizi, uso unaolia wa kusema inauma, na sura zetu sote wa nyumbani. Kadzo alizitunga kwenye kamba, Sidi akawa anazivaa shingoni. Akitaka kitu, anakutia kadi mkononi. Mimi nilizikunjia uso tangu mwanzo. Huku kwetu mtoto akivaa kamba shingoni, watu hawaulizi, wanajua ni hirizi. Nikaona washenga watasema nyumba hii ina ugonjwa wa kurithi, na posa itaishia hapo.

Basi Kadzo alipokwenda dukani kununua soda, nilimvua Sidi kadi zake, nikazificha kwenye kapu la mahindi. Yeye nikamfungia ghalani. Nilijiona nimepanga mambo vizuri, mjinga mimi.

Wageni wameketi, chai imemiminwa, Sidi akaanza kulia. Hakikuwa kilio chake cha kila siku, nami nililijua hilo. Mshenga mmoja, mzee mpole, akauliza ni nani anayelia.

"Mtoto wa jirani," nikamjibu, nikamwongeza sukari.

Kadzo aliporudi alifungua ghala, akamkuta mtoto akijipapasa kifuani, anatafuta kadi zake. Nilizitoa kapuni, nikampa. Sidi aliuchagua uso unaolia, akauweka juu ya mguu wake. Nge alikuwa amemuuma, na mguu ulikuwa umeshavimba. Kadzo alimbeba mbele ya wageni wote, akanitazama.

"Mama, mwanangu alikuwa na la kusema. Wewe ulimnyang'anya mdomo."

Mtoto alipelekwa zahanati, akapona. Posa nayo haikuvunjika. Yule mzee mpole alirudi wiki iliyofuata, akaniambia kwao pia yuko mtoto wa namna hiyo, na kama ningependa, angeomba azione zile kadi. Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukijaliwa mtoto asiyesema kwa ulimi, usimwonee haya. Picha zake ziwe pale mkono wake unapofika, nyumbani na sokoni, na mbele ya wageni hasa. Akikuletea kadi, acha unachofanya umjibu, hata kama anachotaka hakipo.

Siku hizi kamba ya Sidi ina kadi nyingi. Akimtaka mama yake, hutoa sura ya mama yake. Dama vivyo hivyo, na hata mbuzi wetu ana kadi yake, imechakaa kwa kushikwa. Sura yangu imo pia. Bado inang'aa. Kila asubuhi naketi karibu naye, nangoja.

Mungu akupe macho ya kumwona mtoto wako mapema kuliko nilivyomwona wangu, na sura yako ichakae mkononi mwake.